Dalali kaniuzia Prado ya kwendea kanisani, mimi nilitaka ya kuvuta tela

Wakuu poleni na majukumu. Naandika nikiwa nimekalia stuli ya fundi hapa Ipogolo, Iringa, leo siku ya nne, gari imefunguliwa silinda hedi, kile kipande cha juu ya injini chenye valvu, na hedi yenyewe imepasuka, nyufa unaziona kwa macho kati ya valvu na valvu, na yule dalali simu yangu hapokei tena. Acha niseme tu maana nikinyamaza nitapasuka na mimi.

Kazi yangu nakodisha jenereta kwenye maharusi na mikutano. Ni ya kVA 30, ile iliyofunikwa, yenyewe kama tani moja, ukiweka tela lake na manyaya na madumu ya dizeli unagonga tani na nusu na kitu. Miaka yote nakodi Canter, faida yote inaishia kwa mwenye Canter, nikasema ngoja nitafute 4WD ya mkononi nijivutie mwenyewe. Na dalali nilimwambia SIKU YA KWANZA, nikarudia siku ya pili, kaka mimi sitaki gari ya kutambia, nataka ya kuvuta mzigo, natoka Moro naenda Iringa, Kitonga napanda. Akanijibu "bosi, Prado ni Prado". Basi. Na mimi nikaridhika na jibu la hivyo, asee.

Gari ni ile Prado ya 1998, injini 1KZ-TE, 3.0 dizeli ya tabo. Rangi inang'aa, rimu mpya, injini imeoshwa mpaka unaweza kulia ugali juu yake. Nimefika yadi saa 3 asubuhi naikuta inaunguruma tayari, eti "nimekupashia moto kabisa bosi", na mimi fala nikasema asante. Kumbe mtu akikupashia gari kabla hujafika anakuficha jinsi inavyowaka ikiwa ya baridi, ule moshi mweupe na kutetemeka kwa asubuhi huwezi kuviona tena. Na fundi niliyekwenda naye nikamlipa elfu 50 aikague, akazunguka zunguka, akapiga teke tairi, akasema chuma hiki. Baadaye ndio nasikia dalali naye alimpa laki na nusu. Mshenzi anakula huku na huku!

Sasa Ijumaa mchana, harusi Jumamosi, nimepita Mikumi vizuri, Ruaha Mbuyuni nikanunua na vitunguu kabisa roho kwatu. Nimeanza Kitonga nyuma ya semi mbili zinazopanda kama konokono, jua la saa 8, mimi jicho kwenye mshale wa joto na mshale upo katikati umetulia. Hizi Toyota mshale wake unadanganya, unakaa katikati muda mrefu hata joto likipanda, ukiuona umeanza kusogea ujue umeshachelewa. Wangu ulisogea, na kabla sijapata pa kuegesha nguvu ikakata, mvuke ukatoka kila upande, malori yananipigia honi kona kali, tela linanirudisha nyuma na breki halina. Konda wa lori alishuka kuniwekea mawe kwenye matairi, Mungu ambariki popote alipo.

Fundi wa hapa kafungua ndio kanionyesha uchafu wote. Themostati, kile kivalvu kinachozuia maji yasizunguke mpaka injini ipate moto, hakuna, walishaitoa, kwa hiyo ukiiendesha mjini mshale unakaa chini unajiona una gari ya baridi. Rejeta imejazwa dawa ya kuziba matundu, nusu ya njia zake zimeziba. Maji ni ya bomba, koolanti hata harufu haipo. Na kilichonitoa machozi ni ile feni kubwa inayozungushwa na injini, imetolewa, wamefunga kifeni cha umeme cha gari ndogo! Mjini bila mzigo kinatosha, lakini unapanda mlima kwa spidi 20 na tani moja na nusu nyuma, upepo wa mbele hakuna, kitapoza nini? Na hedi ya 1KZ ni ya aluminiamu, ikichemsha hata mara moja tu inaweza ikawa imekwisha.

Halafu ni otomatiki. Hakuna aliyeniambia ukivuta tela unatakiwa kuzima O/D, yaani ovadraivu, ile gia ya juu ya kukimbilia, nikawa napanda imewashwa, gia inapanda inashuka inapanda inashuka, oili ya gia boksi imekuwa nyeusi inanuka kama mkate ulioungua, na oili hiyo inapozwa kwenye rejeta ile ile iliyoziba, kwa hiyo joto la gia boksi lote lilikuwa linarudi kwenye maji ya injini. Hata chuma cha kuvutia tela kumbe kimechomelewa kwenye kipande cha nyuma cha bampa, hakijafungwa kwa bolti kwenye chasisi, ingeachia pale Kitonga leo msingekuwa mnasoma huu uzi.

Na nyie mnaoshauri watu "chukua Toyota yoyote" nina hasira na nyie pia. Taja injini! 1KZ inapasua hedi, 1KD ya Prado iliyofuata inakula nozeli za kupulizia dizeli na bei yake utalia, Nissan Patrol nzuri ni ya TD42 ila watakusukumia ya ZD30 ambayo zile za mwanzo zinatoboa pistoni. Kuna jirani aliniambia eti ningechukua Harrier maana nayo ni 4WD. Harrier haina hata chasisi ya peke yake, tela la tani na nusu unalifungia wapi, kwenye buti?

Mwenye Land Cruiser mkonga ya injini ya 1HZ, 4.2 isiyo na tabo, gia za mkono, anayeiuza kwa bei ya binadamu aje PM. Najua inapanda mlima taratibu, sina haraka. Nitakuja kuiwasha mwenyewe saa 12 asubuhi ikiwa ya baridi, na kabla yangu mtu asiiguse.

Harusi ilifanyika. Aliyekuja kuchukua jenereta Kitonga mpaka ukumbini ni yule yule mwenye Canter wangu wa zamani, kanichaji mara mbili, na kabla ya kuondoka akapiga picha ya Prado.