Naomba ushauri: IELTS nikiwa Dodoma

Habari za saa hizi wakuu. Nipo Dodoma mjini, nimemaliza UDOM na sasa naomba nafasi ya uzamili Uingereza. Chuo kinataka IELTS Academic, ule mtihani wa Kiingereza, wastani wa 6.5, na kila kipengele kisishuke chini ya 6.0.

Kusikiliza na kusoma sina hofu sana. Kinachoninyima usingizi ni kuandika: dakika 60, maswali mawili, na lile la pili linataka insha ya maneno yasiyopungua 250. Mawazo yanakuja, ila yanakuja kwa Kiswahili kwanza, na saa haimsubiri mtu. Mliopita huko mlijinoaje? Kuna anayesahihisha insha hapa mjini kwa bei ya kibinadamu, au nikomae na YouTube tu?

Mtihani nataka kufanyia Dar. Sehemu ya kuzungumza huweza kupangwa siku tofauti na nyingine. Mliwezaje kuzipata siku moja? SGR imerahisisha safari, lakini kulala Dar ni gharama. Pasipoti ninayo.

Halafu matokeo hudumu miaka 2. Nifanye sasa au nisubiri kwanza jibu la chuo? Tafadhali msiniambie "soma kwa bidii", hilo nalijua.