Tangazo la salfa linabandikwa nyuma ya mlango, halafu tunaambiwa tulizembea!

Wakuu, mambo ya matangazo kwenye vijiji vyetu vya korosho huku Mtwara yametufika shingoni. Kijiji sikitaji, ila walioko uwanda wa Makonde watakitambua bila kuambiwa.

Tangazo la mgao wa salfa, dawa ya unga ya kupulizia mikorosho, limebandikwa kwenye mlango wa ofisi ya kijiji. Mlango huo unafunguka kwa nje. Ofisi ikiwa wazi, karatasi inatazama ukuta. Ofisi ikifungwa ndipo inaonekana, na saa hizo hapiti mtu. Karatasi yenyewe ni ya daftari, kalamu ya bluu, inasema wakulima wote wafike kesho kuchukua pembejeo. Kesho ya lini? Tarehe hakuna, saa hakuna, muhuri hakuna. Anayeisoma Jumatano hajui kama kesho hiyo ni Alhamisi au ilishapita tangu juzi.

Salfa haingoji mtu. Mkorosho mmoja unakula robo kilo kwa mpulizo mmoja, kwa hiyo mfuko wa kilo 25 unatosha miti 100. Mwenye miti 300 anahitaji mifuko mitatu kila mzunguko, na mzunguko unarudiwa baada ya wiki mbili hivi. Akikosa siku ya mgao, ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, haumsubiri: ua linavaa unga mweupe, linageuka kahawia, linakauka na kupukutika. Hapo hata ukiletewa salfa ya lori zima, ua lililokauka halizai. Na msimu huo watu wanalala mabandani shambani, maana kupuliza ni alfajiri kabla upepo haujaanza. Kumwambia mtu huyo apite ofisini kila siku kuchungulia mlango ni dharau.

Jibu tunalopewa ni kwamba tangazo lilitumwa WhatsApp. Bibi mwenye kitochi ataliona wapi? Hata mwenye simu kubwa, shambani mtandao unasumbua, na akiupata tangazo limeshazama chini ya salamu za Ijumaa na taarifa za misiba.

Mkutano mkuu wa kijiji nao ni hivyo hivyo. Unatakiwa kila miezi mitatu na ni wa kila mkazi wa miaka 18 na kuendelea, lakini mbiu inapigwa usiku wa kuamkia, bila ajenda. Watu hawatoshi, mkutano unaahirishwa, mapato na matumizi hayasomwi. Yakibandikwa, ni mistari miwili: jumla iliyoingia, jumla iliyotoka. Hiyo si taarifa! Tunataka bakaa ya robo iliyopita, kila chanzo na kiasi chake, kila malipo na namba ya risiti yake, na salio lililopo benki.

Msimu wa mnada ukifika, chama cha msingi cha ushirika nacho kibandike tarehe ya mnada, kilo zetu zilizouzwa, daraja, bei ya juu na ya chini, makato kwa kila kilo, na siku fedha zinapotarajiwa kuingia. Mkulima asiyejua mzigo wake umeuzwa mnada upi ndiye anayeishia mikononi mwa kangomba, walanguzi wanaonunua korosho kwa magendo.

Mwenyekiti na mtendaji, hili halihitaji bajeti ya wilaya. Ubao mmoja kila kitongoji, uwekwe chini ya bati, mahali watu wanapokaa: bombani, guliani, kwenye ghala la chama. Karatasi iingizwe kwenye nailoni, maana mvua moja tu na wino umekwisha. Juu iandikwe tarehe ya kubandikwa, chini tarehe ya kubanduliwa, cheo cha aliyetoa na muhuri. Mgao wa pembejeo useme kitongoji kipi siku ipi, mkulima aje na namba ya usajili, na mwisho wa kuchukua ni lini. Siku saba kabla, siyo jana yake. Mpiga mbiu apite jioni watu wakisharudi, msikitini na kanisani litangazwe, na wenyeviti wa vitongoji wapite mpaka mabandani. Huko ndiko wapiga kura wao waliko mwezi wa saba.

Wenye vijiji ambavyo ubao unafanya kazi, Lindi mkiwemo, wekeni picha hapa tuone ulivyopangwa. Tutazichapisha na kuzipeleka mkutano wa robo ijayo.