Sarafu zinakataliwa kaunta, kisha tunaambiwa sisi ndio tumezikimbia

Ndugu wanajukwaa, ninafungua uzi huu nikiwa na hasira ambayo siku tatu hazijaipoza.

Mama yangu haoni. Sarafu anazijua kwa vidole: hupitisha ukucha ukingoni, akasikia kama una mikwaruzo au ni laini, akapima unene na upana wake, na kabla hujamaliza kumuuliza ameshakwambia ni shilingi ngapi. Juzi nilimsindikiza kukata tiketi ya safari. Nauli kamili alikwisha kuihesabu mwenyewe nyumbani, akaifunga kwenye kifuko chake, na pale dirishani akaipanga sarafu moja baada ya nyingine. Mhudumu akazisukuma zikarudi chini ya kioo, akasema, "Hapa tunapokea kadi tu, mama." Kisha akamsogezea mashine ambayo uso wake wote ni kioo kitupu, bila kitufe hata kimoja cha kupapasa. Mama hakuwa na njia ya kujua kiasi kilichoandikwa pale, na namba yake ya siri asingeweza kuiingiza bila kumtajia mtu. Nikalipa mimi. Yeye akaziokota sarafu zake kimya, na hakusema neno mpaka tukafika nyumbani.

Ninataka watu waelewe kilichotokea pale. Mtu aliyekuja akijitegemea aligeuzwa mtu wa kusaidiwa, tena akiwa na fedha halali mkononi. Sarafu hazikupewa maumbo tofauti kwa ajili ya urembo. Zile za yuro, kwa mfano, zilipobuniwa, umoja wa vipofu wa Ulaya ulishirikishwa, na ndiyo maana ukingo wa senti 2 una mfereji unaouzunguka, na ukingo wa senti 20 una mibonyeo saba. Ni kazi ya akili nyingi iliyofanywa ili asiyeona asipunjwe, na leo inafutwa na karatasi iliyobandikwa kwenye kioo cha dirisha.

Kinachonikera zaidi ni ile kauli kwamba watu wenyewe wameacha kutumia sarafu. Wameachaje? Benki inapunguza madirisha ya kupokea sarafu au inatoza ada ya kuzihesabu, mfanyabiashara anaona ni mzigo kwake, tundu la sarafu kwenye mashine ya maegesho linazibwa kwa gundi ya karatasi, na mwananchi aliyekataliwa mara tatu anaziacha kwenye kibubu kwa sababu amechoka kuaibishwa mbele ya foleni. Baada ya hapo anatokea mtu na takwimu zake kuonyesha kwamba sarafu hazizunguki, kwa hiyo hazihitajiki. Huwezi kumfungia mtu mlango halafu ukamlaumu kwamba haji kukutembelea.

Nisieleweke vibaya kuhusu sarafu ambazo thamani yake imeisha. Kanada ilikoma kutengeneza senti moja mwaka 2012, na tangu Februari 2013 jumla ya malipo ya taslimu hukadiriwa hadi senti 5 zilizo karibu. Marekani ilikuwa ikitumia karibu senti 4 kutengeneza senti moja, ikapiga ya mwisho ya matumizi ya kawaida huko Philadelphia tarehe 12 Novemba 2025. Hayo sina ugomvi nayo, maana serikali ilitamka waziwazi na zilizobaki mikononi mwa watu hazikupoteza uhalali wake. Ugomvi wangu ni na sarafu yenye thamani kamili kukataliwa na mtu ambaye hakuna aliyempa mamlaka hayo.

Na kadi nayo si bure, ingawa anayelipa haoni makato. Kila malipo hukatwa kidogo kwa ajili ya benki ya mteja, benki ya muuzaji na mtandao unaoziunganisha. Umoja wa Ulaya ulilazimika mwaka 2015 kuweka kikomo cha sehemu inayokwenda kwa benki ya mteja, asilimia 0.2 kwa kadi za akaunti na 0.3 kwa kadi za mkopo. Sarafu ikipita mikono mia moja, wa mia anaipokea nzima. Mahali pengine makato yana kiwango kisichopungua, kwa hiyo muuzaji anakataa kadi kwa malipo madogo, na kama sarafu nazo ameshazikataa, mwenye mahitaji madogo anaondoka mikono mitupu ilhali fedha anazo.

Tarehe 28 Aprili 2025 umeme ulikatika karibu Hispania na Ureno nzima kwa saa nyingi. Mashine za kadi zikazimika, na aliyekuwa na fedha mfukoni ndiye aliyenunua maji. Uswidi, nchi ambayo karibu iisahau kabisa fedha taslimu, sasa inawashauri wananchi wake waweke akiba ya taslimu nyumbani, tena ya thamani mbalimbali, na Norwe iliimarisha kisheria haki ya mteja kulipa taslimu kuanzia Oktoba 2024. Hao ndio waliotutangulia katika njia hii, na ndio wanaorudi nyuma kuziba mashimo.

Wengi hudhani kwamba fedha ikiitwa halali basi kila mtu analazimika kuipokea. Katika nchi nyingi sivyo: uhalali huo unahusu kulipa deni, na muuzaji anaweza kuweka masharti yake kabla ya mauziano. Mwanya ni huo, nao unazibwa kwa sheria. Ninachodai ni kwamba anayetoa huduma isiyokwepeka, yaani usafiri, dawa, maji, umeme na ofisi za umma, alazimishwe kupokea sarafu kwa kiasi cha kuridhisha, na benki zilazimishwe kuzipokea kutoka kwake bila kumtoza.

Nimewaandikia wenye lile dirisha la tiketi barua ya kurasa mbili na ninasubiri majibu. Kama nawe umerudishiwa sarafu zako, andika hapa ilikuwa huduma gani, uliambiwa sababu gani, na kama kulikuwa na tangazo kabla hujapanga foleni, kwa sababu barua ya pili ninataka kuipeleka kwa msimamizi wao ikiwa na visa vingi kuliko kimoja cha mama yangu.