Je, tope la migodi ya makaa ya mawe laweza kunasa fosforasi?

Swali

Ndugu wanajamvi, salaam. Ninaishi Pennsylvania, Marekani, karibu na kijito ambacho mawe yake yote yamekuwa na rangi ya chungwa kama bati lililoshikwa na kutu, kwa sababu maji ya machimbo ya makaa ya mawe yaliyoachwa zamani huingia humo usiku na mchana. Penye mtambo wa kuyasafisha kwa chokaa hubaki tope jekundu lisilo na mwenyewe. Nimesikia kwamba tope hilo laweza kunasa fosforasi ya samadi na mbolea isiingie mitoni. Linafanyaje kazi, na je, hatutakuwa tunahamisha sumu tu?

Jibu la kwanza

Ndugu, tazama kwanza tope hilo limetoka wapi. Pairaiti, yaani madini ya chuma na salfa, iliyomo katika tabaka za makaa ikikutana na hewa na maji huzaa asidi salfuriki, na asidi hiyo huyeyusha chuma na aluminiamu. Chokaa ikitiwa, asidi hupoozwa na madini hayo huganda yakawa tope la hidroksidi, yaani chuma na aluminiamu zilizoungana na oksijeni na hidrojeni. Fosforasi hunata kwenye chuma na aluminiamu; mitambo ya maji taka ya mijini hununua chumvi za madini hayo ili kuiondoa, kwa hiyo kinachotupwa machimboni ndicho kinachonunuliwa mjini, jambo ambalo kwa kweli linaniuma.

Mwaka 2009 watafiti wa Taasisi ya Jiolojia ya Marekani walioko Leetown, West Virginia, walieleza jinsi walivyolikausha tope hilo, wakalifanya punje, kisha wakapitisha maji yenye fosforasi katikati ya punje hizo. Maji yalihitaji kugusana nazo kwa muda usiofika dakika 5 ili asilimia 60 hadi 90 ya fosforasi iondoke, kutegemea punje zimekwisha kutumika kiasi gani. Kukausha si jambo dogo, kwani tope bichi ni kama uji mwepesi, na maji hayawezi kupita ndani yake vizuri.

Jibu la pili

Nakubali, ila hofu ya muulizaji ina msingi. Tope la mgodi mmoja si tope la mgodi mwingine: laweza kuwa na manganizi, zinki au aseniki, hivyo lipimwe kabla ya kutumiwa. Wenzetu wa Kanda ya Ziwa, Tanzania, wasilichanganye na mabaki ya uchenjuaji wa dhahabu, yaani kuitenga dhahabu na mawe yake, ambayo yaweza kuwa na zebaki au sianidi.

Vilevile, chuma kikikaa mahali pasipo oksijeni hubadilika na kuyeyuka, nayo fosforasi kiliyoishika huachiwa. Ndiyo maana nisingeshauri kulimwaga tope ziwani. Liwekwe ndani ya chujio kwenye mfereji wa shamba, mahali ambapo mtu aweza kulitoa kwa koleo.

Muulizaji

Ahsanteni sana. Je, punje zikishiba hutupwa?

Aliyejibu kwanza

Si lazima. Zikioshwa kwa soda kaustiki huiachia fosforasi, nazo zaweza kurudi kazini, na fosforasi hiyo yaweza kukusanywa. Kwenu faida ni kubwa, maana Mto Susquehanna, unaopita katika nchi ya makaa na ya mashamba, huipa Ghuba ya Chesapeake, kwenye pwani ya mashariki ya Marekani, karibu nusu ya maji yake yasiyo ya chumvi, na fosforasi ni miongoni mwa vinavyolisha mwani ambao ukioza huwanyima kaa na chaza wa humo oksijeni.