Mpira wa esansi kwa moteri ya farasi 40: milimita 6, 8 au 10?

Mwana Kituku
Jambo wandugu. Boti langu la Ziwa Kivu, kutoka bandari ya Kituku kwenda kisiwa cha Idjwi, lina moteri ya farasi 40, ile ya kuchanganya oili na esansi (petroli). Bila mzigo inakimbia vizuri. Nikipakia na kufungua gesi yote, baada ya dakika kumi inakohoa na kuishiwa nguvu. Mpira unaoleta esansi kutoka tangi ni wa milimita 6 kwa ndani, mita 3. Muuzaji mmoja anasema niweke 10, mwingine 8. Ninyi mnatumia upi?

Fundi wa Ufukweni
Weka 8, kaka. Milimita 2 si kidogo: kwa mkondo uliotulia, kutoka 6 hadi 8 mpira unaweza kupitisha kama mara 3 zaidi. Wa 10 niliwahi kuufunga nikajuta. Ulilegea kwenye kiungio, hata ukikaza kibano unaacha upenyo, na pampu ikavuta hewa. Afadhali mpira mwembamba kuliko hewa.

Mwalimu wa Himbi
Hiyo mara 3 ni kweli, Fundi, ila tupime na mahitaji. Moteri kama hiyo ikifunguliwa yote hunywa kama lita 15 kwa saa, yaani robo lita kwa dakika: kikombe kimoja cha chai. Kupitisha kikombe hicho kwenye mita 3 za milimita 6 kunaidai pampu nguvu ya kuinua esansi sentimita 2 au 3 tu. Kwa 8, haifiki sentimita 1. Tangi likiwa nusu mita chini ya pampu, huo ndio mzigo wenyewe. Mimi ningetafuta panapobana: kichujio, tundu la kiungio, tundu la hewa la tangi, mpira uliozeeka ndani. Tena Kivu iko kama mita 1,460 juu ya bahari. Hewa inayosukuma esansi kuelekea pampu ni pungufu, na esansi iliyopigwa jua hugeuka mvuke upesi.

Mama Boti
Mwanangu, usipakie tena watu kabla hujapona hiyo. Kwa moteri yako oili inakuja ndani ya esansi. Esansi ikipungua, oili nayo inapungua, na wewe umefungua gesi yote. Yangu ilikamata pistoni katikati ya ziwa, maharagwe ya watu yamejaa. Nilikuwa nimebadilisha mpira mara mbili! Kumbe kijana alikaza skrubu ya hewa ya tangi ili esansi isimwagike.

Fundi wa Ufukweni
Pole, mama. Mwalimu, nakubali, nilikimbilia mpira. Kaka, ikianza kukohoa, msaidizi aminye kile kipira cha mkono cha kusukuma esansi, kilicho katikati ya mpira. Moteri ikiamka, shida ni njia ya esansi. Kipira kikinyonywa hadi kuwa bapa, kizuizi kiko upande wa tangi. Kikibaki na umbo lake, tafuta mbele yake, upande wa moteri.

Mwana Kituku
Nimejaribu asubuhi kwa magunia ya mchanga, bila abiria. Kuminya kuliiamsha, na kipira hakikuwa bapa. Nimefungua kiungio cha upande wa moteri: ngozi ya ndani ya mpira imebanduka kama ulimi, inaziba zaidi ya nusu ya tundu. Nimechukua wa 8, mita 2 na nusu, na kiungio kipya cha kipimo chake. Kesho narudi majini na mchanga uleule. Mama, abiria watangoja.