Ukoo wa Kambo (bibi yetu), Katuba, Lubumbashi: nani anakuja Siku ya Mungu (Jumapili)?

Benie: Jambo yenu wote. Tantine Odette, ujumbe wako wa jana nimeusoma: "watoto wa siku hizi Kambo wanamuona kwa picha". Sikasiriki. Ila leo naomba hesabu, si "jikaze". Kazi ya farmasi masaa 45 kwa juma. Mwaka wa tatu wa lisansi, krediti 60. Na chakula cha ukoo kila Siku ya Mungu kwa Kambo. Vyote vitatu vinaingia wapi?

Yaya Trésor: Tuanze na krediti, watu wengi wanadanganyika pale. Krediti moja ni masaa 25: darasa, kazi za kufanyia nyumbani, kusoma, vyote ndani. Mara 60 ni masaa 1500. Gawa kwa majuma 40, unapata 37,5 kila juma.

Yaya Trésor: Sasa jumlisha. Kazi 45 + masomo 37,5 + kulala 49 (masaa 7 tu kila usiku) + njia ya kazi na masomo 12 = 143,5. Juma lina masaa 168. Yanabaki 24,5. Humo ndani utakula, utafua, utachota maji, utaenda kanisani.

Merdi: Njo maana anasinzia mu misa 😂

Tonton Gaby: Merdi, acha. Yaya yako anauliza jambo la maana.

Tantine Odette: Kwa hiyo Kambo hana nafasi? Semeni tu wazi.

Yaya Trésor: Anayo, Tantine. Sijamaliza. Toa masaa 2 kila siku ya kula, kuoga na kufua: 14. Toa kanisa 3. Yanabaki 7,5. Siku ya Mungu kwa Kambo, kutoka 11h mpaka 18h, na mabasi mawili ya kutoka Kasapa mpaka Katuba, kwenda na kurudi, inakula 9. Kila juma anaingia deni la saa moja na nusu, na deni hilo linalipwa na usingizi. Mwezi wa kwanza halionekani. Mwezi wa tatu anaanza kukosa interro (majaribio ya darasani).

Mama Sifa: Na hayo 45 ya farmasi, yako kweli 45? Kode ya Kazi ya Kongo ya 2002 inasema masaa 45 kwa juma, 9 kwa siku, ndiyo mwisho. Yanayozidi ni masaa ya nyongeza, yana malipo yake. Benie, piga picha ya orere (ratiba ya kazi) kila Siku ya Posho (Jumamosi), andika saa ya kuingia na ya kutoka. Dakika 30 za kufunga kasha la pesa kila jioni, mara siku 6, ni masaa 3 kwa juma. Hayo ni theluthi ya yale 9 ya Kambo!

Benie: Ya kufunga kasha hayahesabiwi, Mama.

Mama Sifa: Basi anza kuyahesabu wewe. Usiende na kelele. Peleka karatasi ya majuma manne, omba siku mbili kwa juma utoke mapema.

Tonton Gaby: Upande wa fakilte. Katika LMD (lisansi, masta, doktora) krediti uliyopata ni yako, haifutwi. Kwa hiyo mwaka wa krediti 60 unaweza kugawanywa, kama fakilte inakubali. Usiulize kwa mdomo pale mlangoni. Andika barua kwa sekreterya ya fakilte KABLA ya kujiandikisha, uulize manne: naweza kuandikishwa kwa sehemu ya krediti? minervali (karo) inalipwa nzima au kwa sehemu? kozi gani zinafungua nyingine? kazi ya mwisho inawekwa lini? Chukua nakala yenye muhuri wa kupokelewa.

Tonton Gaby: Na angalieni mtego. Mtu anaacha kozi ngumu kwa sababu ni ngumu, kumbe ndiyo inayofungua nyingine tatu za semesta ya pili. Anabeba kozi moja, anafungiwa nne. Acha ile isiyoshika nyingine, hata kama ndiyo unayoipenda.

Yaya Trésor: Kwa krediti 40 ni masaa 1000, yaani 25 kwa juma. Anarudishiwa 12,5. Lakini shahada inachelewa mwaka.

Tantine Odette: Mwaka mzima kwa ajili ya bukari (ugali) ya Siku ya Mungu? Hapana. Hata Kambo mwenyewe atakataa.

Yaya Solange: Tantine na mimi leo tunakubaliana, andikeni tarehe 😄 Tusiguse krediti. Tuguse chakula chenyewe. Kwani ni nani alisema mkutano mkubwa lazima kila juma? Merdi, tupe orere yako ya Kolwezi.

Merdi: 14/7, yaani siku 14 za kazi, 7 za konje (likizo). Konje yangu inaanza tarehe 7/7 mpaka 13/7. Kazi 14/7 mpaka 27/7. Konje 28/7 mpaka 3/8. Kazi tena mpaka 17/8. Konje 18/8 mpaka 24/8. Halafu 8/9 mpaka 14/9.

Yaya Solange: Siku za Mungu zilizo ndani: 12/7, 2/8, 23/8, 13/9. Kila siku 21, moja. Njo hizo ziwe za wote. Benie kwa majuma matatu ana 7,5 mara 3, yaani 22,5. Anatoa 9, anabaki na 13,5 za kupumzika na za mtihani. Hakuna deni.

Tantine Odette: Na zile mbili za katikati Kambo anakula na kuku?

Yaya Solange: Za katikati ni za walio karibu. Walio Kenya na Kamalondo, komuni za hapa mjini, wanapokezana, nyumba moja kila Siku ya Mungu, watu watatu wanatosha. Kambo mwenyewe watu kumi na wanne wanamchosha, ila hasemi.

Mama Sifa: Hapo umesema.

Yaya Trésor: Merdi, hiyo konje ya siku 7 usiihesabu 7. Kolwezi mpaka hapa ni kama kilometa 300. Siku ya kwanza njia, siku ya mwisho njia, unabaki na 5. Na ukimaliza kwa timu ya usiku, unatoka 6h bila usingizi: usipande basi, na usukani hata usiuguse. Lala kwanza, safiri kesho yake. Hapo zinabaki 4.

Merdi: Shefu anatoa 28/14 kwa anayetaka. Watu wanasema ni mbaya, mwezi mzima bila kuona nyumba.

Yaya Trésor: Pima mwenyewe. Katika siku 84, 14/7 inakupa siku 28 za konje na safari nne za kwenda na kurudi: siku 8 barabarani, 20 nyumbani. 28/14 inakupa 28 zilezile, safari mbili: siku 4 barabarani, 24 nyumbani. Kwa kijana asiye na mtoto na anayetaka kusoma kozi fupi, 28/14 ni bora, na nauli inapungua nusu. Kwa mwenye mtoto mchanga, hapana.

Tonton Gaby: Na tarehe 1/8 iko ndani ya konje yako! Siku ya wazazi. Asubuhi makaburini kwa Kambo mwanaume, majembe na maji ya kunywa, kabla ya jua. Mchana kwa Kambo. Kesho yake chakula kikubwa. Tarehe 3 unapanda basi la asubuhi, kazi 4/8 6h. Kwa hiyo tarehe 2 jioni bia inafungwa mapema.

Merdi: Tonton 🙈

Mama Sifa: Ngojeni, konje. Mwaka mmoja wa kazi ni siku 12 za kazi kwa uchache, moja kila mwezi. Benie, usizitawanye moja moja kwa harusi za marafiki. Sita weka mbele ya mitihani, sita mwisho wa mwaka. Omba kwa maandishi, mapema.

Mama Sifa: Na jambo linaloleta matatizo sana kazini. Konje ya msiba: siku 4 kwa mzazi, mtoto, mume au mke. Siku 2 kwa digrii ya pili, yaani kambo, mjukuu, ndugu wa tumbo. Sisi kwetu baba mukubwa ni baba, mama mudogo ni mama. Kode haihesabu hivyo. Ukiandika "baba" kwenye fomu, halafu cheti cha kifo kinaonyesha ndugu ya baba, unaonekana mwongo. Andika "baba mukubwa", omba ruhusa ya kawaida, na weka siku moja au mbili za konje yako kando kwa ajili hiyo. Kuoa au kuolewa ni siku 2, mke akijifungua ni siku 2.

Benie: Aksanti Mama. Hiyo sikuijua.

Yaya Solange: Sasa tuje kwa la jikoni, na wanaume wasome pia. Benie anafika 11h, anashika kinu mpaka 14h, anaosha vyombo mpaka 16h. Masaa 7 kwa Kambo, na Kambo amemuona mgongo. Huo si muda wa jamaa, ni kazi ya pili.

Merdi: 😶

Yaya Solange: Sombe (majani ya muhogo) itwangwe Siku ya Posho jioni. Watu 14: majani kilo 2. Chemsha saa nzima bila kifuniko, ile sumu ya muhogo itoke na mvuke. Hapo simamisha. USITIE karanga wala mafuta usiku, karanga inachachisha chungu mpaka asubuhi, na kwa delestage (umeme kukatwa) friji ni kabati tu. Asubuhi 9h chemsha tena, tia mawese, kitunguu, karanga ya kutwanga nusu kilo, samaki wa chumvi. 11h iko tayari. Unga kilo 3, maji litre 6 na zaidi kidogo, bukari isongwe 12h30 na Merdi na Trésor, mikono yao ina nguvu. Vyombo wanaosha waliokuja wa mwisho.

Yaya Trésor: Nimesoma. Nasonga.

Tantine Odette: Hii nitaihifadhi.

Tonton Gaby: Siku za katikati, Kambo apigiwe simu. Simu yake ni ya vifungo, sauti munazotuma humu hazimfikii hata moja. Kuita kwa kawaida, Siku ya Tatu (Jumatano) 19h, dakika 10. Benie wiki moja, Merdi nyingine. Betri ijazwe umeme ukiwepo, si ukihitajika.

Benie: Na minervali? Ya kwanza inalipwa mwezi wa 10.

Tantine Odette: Likelemba (mchezo wa kupokezana pesa) yetu ya soko inaanza mwezi wa 7. Watu 10, dola 30 kila mmoja, anayechukua anapata 300. Namba 4 inaangukia mwezi wa 10. Ila wewe ni mgeni, na mgeni hapewi namba za mbele, wanaogopa achukue apotee. Nitasimama mdhamini wako. Ukikosa mwezi mmoja, ni mimi nalipa, halafu nitakutafuta mpaka Kasapa.

Benie: Dola 30 kwenye mshahara wangu inawezekana, kama mchango wa chakula hauzidi 5.

Yaya Solange: 5 kwa mara moja katika majuma matatu inatosha. Na asiyefika asitume 20 kwa M-Pesa akafikiri amefika.

Merdi: Nani huyo? 😅

Yaya Solange: Umejijibu.

Yaya Trésor: Merdi, wakikubadilisha timu mzunguko wote unavunjika. Orere mpya ikitoka, picha humu siku hiyohiyo. Tarehe za baada ya 13/9 tusiziapie.

Merdi: Sawa. 12/7 naleta makala (makaa), gunia moja toka njiani, huku ni nafuu.

Tantine Odette: Lisiwe na mawe chini. Na Kambo anauliza: sufuria yake kubwa ya mfuniko mwekundu iko kwa nani?

Mama Sifa: Si kwangu.

Tonton Gaby: Gaby hana.

Yaya Solange: ...Naileta Siku ya Posho.