Sindano ya povu ya Shangazi

Shangazi: Hamjambo wanangu. Daktari kasema hii mishipa ya mguuni iliyovimba atanichoma sindano ya povu. Povu, ndani ya damu? Tangu jana sijalala.

Neema: Shikamoo shangazi, pole. Ni dawa ya maji, mara nyingi polidokanoli, inachanganywa na hewa. Wanaunganisha mabomba mawili ya sindano, wanaisukuma huku na huku mpaka inakuwa nyeupe, nzito. Ikiingia inasukuma damu pembeni, inaunguza ukuta wa mshipa kwa ndani, mshipa unajikunyata na kujifunga. Baadaye mwili unaufyonza polepole.

Baba Mdogo: Sasa mshipa ukifungwa damu ipite wapi?

Neema: Baba mdogo, huo vali zake, vile vilango vya kuzuia damu isirudi chini, zimeshalegea, damu inashuka badala ya kupanda. Mishipa ya ndani kabisa, katikati ya misuli, ndiyo inayobeba damu nyingi ya mguu. Ndiyo maana altrasaundi ni lazima kwanza, ionekane kama ile ya ndani iko wazi na damu inarudi kuanzia wapi. Shangazi, umepigwa?

Shangazi: Bado. Alitazama tu, akabonyezabonyeza.

Neema: Basi usikubali kuchomwa kabla. Nakuomba sana shangazi.

Juma: Si bora apasuliwe yaishe?

Neema: Upasuaji siku hizi unawekwa mwisho. Mwongozo wa 2013 wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya matibabu, unatanguliza kuuchoma mshipa kwa joto, isipofaa ndipo povu. Povu lina faida kwenye mishipa iliyopindapinda, ila mshipa unaweza kufunguka tena ikabidi kurudia.

Mama Salma: Mimi nilichomwa. Maumivu kidogo tu, nikavalishwa soksi za kubana, nikaambiwa nitembee palepale. Vilibaki vinundu vigumu na mstari wa kahawia, ulikawia kufifia. Lakini ule uzito wa jioni umeniondoka jamani!

Neema: Huo mstari huchukua miezi, wengine hata mwaka. Shangazi, kipandauso chako mtajie daktari, maana wapo wanaoona maluweluwe kwa muda mfupi baada ya sindano. Na damu iliyowahi kukuganda pia mtajie, usifiche. Ukishachomwa, shavu la mguu likivimba na kuuma, au pumzi ikibana, hospitali saa hiyohiyo, hata usiku.

Shangazi: Nimesikia mwanangu. Ya kuganda sikumwambia.

Baba Mdogo: Dada, kesho nakuja tuende wote. Altrasaundi kwanza, sindano baadaye.